Daktari wa Uhandisi Hupatikanaje

Shahada ya uzamivu katika uhandisi hutolewa kwa mtu aliyeongeza jambo jipya katika elimu ya fani hiyo, akalithibitisha kwa vipimo au kwa hesabu, kisha akalitetea mbele ya wajuzi. Masharti mengine yote, yaani masomo ya darasani, mitihani, semina, makala na fomu zisizokwisha, yamewekwa kulilinda sharti hilo moja. Mwanafunzi anayelisahau anaweza kujaza kila fomu kwa wakati na bado akakwama mwishoni.

Jambo jipya si lazima liwe mashine mpya. Mwaka 1863 Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kilimtunuku Josiah Willard Gibbs shahada inayohesabiwa kuwa uzamivu wa kwanza wa uhandisi nchini humo. Tasnifu yake ilihusu umbo la meno ya gia. Gibbs hakutengeneza gia yoyote ya kuuza. Alionyesha kwa jiometri namna jino linavyopaswa kuchongwa ili magurudumu mawili yasukumane sawasawa. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1963, Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT tasnifu kuhusu Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora moja kwa moja kwenye kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Huyu alijenga kitu kinachoonekana na kinachofanya kazi. Hata hivyo, uzito wa tasnifu ulikuwa katika maelezo ya namna kompyuta inavyoweza kuhifadhi mchoro pamoja na masharti yake: mistari hii ibaki sambamba, pembe hii ibaki mraba, hata mchoro ukivutwa huku na kule. Maelezo hayo ndiyo waliyoyachukua wengine wakayaendeleza.

Fundi hodari wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, anaweza kuunda mashine ya kukoboa inayoishinda ya kiwandani. Kwa uzamivu atatakiwa aeleze kwa nini inaishinda, kwa kiasi gani, na maelezo hayo yanashika mpaka wapi: kwa mahindi mabichi na makavu, kwa mota ndogo na kubwa. Uhandisi wenyewe uliwahi kubaguliwa kwa hoja kwamba ni ufundi tu. Nchini Ujerumani haki ya kutoa udaktari ilikuwa mikononi mwa vyuo vikuu vya kale, hadi mwaka 1899 Kaisari Wilhelm wa Pili alipovipa vyuo vya ufundi vya Prussia ruhusa ya kutoa shahada yao wenyewe. Mpaka leo daktari wa uhandisi wa Kijerumani huandika Dr.-Ing. mbele ya jina lake.

Masharti ya kuingia ndiyo mepesi kuliko yote. Afrika Mashariki, kama Ujerumani, kwa kawaida mwombaji huwa na shahada ya uzamili katika uhandisi au fani ya karibu. Marekani vyuo vingi humpokea hata mwenye shahada ya kwanza, naye huchukua uzamili akiwa njiani. Kinachoamua zaidi ni msimamizi. Profesa asiyeijua mada, asiye na maabara au asiye na muda hawezi kuokolewa na bidii ya mwanafunzi, na ni ajabu jinsi waombaji wengi wanavyochagua chuo kwa jina lake bila kuuliza nani atawasimamia. Nchini Kenya miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu imeweka kikomo: mhadhiri mmoja asisimamie zaidi ya wanafunzi watatu wa uzamivu katika mwaka wa masomo. Umuhimu wa kikomo hicho ulionekana mwaka 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilipotunuku shahada za uzamivu 118 katika mahafali moja na Tume ikaingia kuchunguza. Nyingi kati yake hazikuwa za uhandisi, lakini swali lililoulizwa linawahusu wote: nani aliwasimamia watu wote hao, na kwa saa ngapi?

Baada ya kusajiliwa, njia zinaachana. Katika mfumo wa Uingereza mwanafunzi wa uhandisi huingia moja kwa moja kwenye utafiti, na masomo ya darasani ni machache au hayapo kabisa. Marekani masomo ni sehemu kubwa ya miaka miwili ya mwanzo. Stanford, kwa mfano, hudai yuniti 135 kwa uzamivu, zikiwemo za utafiti, na aliyesoma uzamili kwingine anaweza kuhamisha zisizozidi 45. Vyuo vya Afrika Mashariki huchanganya: kuna uzamivu wa tasnifu peke yake na kuna ule wa masomo pamoja na tasnifu. Anayetoka kazini baada ya miaka kumi ya kusimamia barabara au mitambo hunufaika zaidi na njia ya pili, kwa sababu hisabati ya shahada ya kwanza huwa imeshasahaulika.

Katika vyuo vya Marekani masomo hufuatwa na mtihani wa kufuzu, ambao ndio unaoogopwa kuliko utetezi wenyewe. Lengo lake ni kujua mapema kama mwanafunzi anaimudu misingi ya fani kiasi cha kufanya utafiti bila kushikwa mkono. Namna yake hutofautiana. Idara nyingine hutoa karatasi za maswali katika nyanja tatu au nne, mathalani mekanika ya maada, joto na mtiririko wa vimiminika kwa wahandisi mitambo. Idara ya uhandisi umeme ya Stanford ilikuwa maarufu kwa miaka mingi kwa mtihani wa mdomo ambapo mwanafunzi alizunguka ofisi za maprofesa kumi, kila mmoja akimhoji kwa takriban dakika kumi juu ya lolote analolitaka. MIT, katika idara yake ya umeme na kompyuta, hutazama alama za masomo manne ya ngazi ya juu, kisha hufanya mtihani wa mdomo juu ya utafiti ambao mwanafunzi ameshauanza. Kwa kawaida anayeanguka hupewa nafasi ya pili. Akianguka tena huondoka, mara nyingi akiwa na shahada ya uzamili mkononi.

Mtihani huu unaonekana mkatili, lakini una huruma yake. Mtu asiyefaa hugundulika katika mwaka wa pili, si wa saba. Katika mifumo isiyo na mtihani wa namna hii, kazi hiyo hufanywa na tathmini ya mwaka wa kwanza. Mwanafunzi huingia kwa masharti, huandika ripoti, huhojiwa na wahadhiri wasiomsimamia, ndipo husajiliwa rasmi kama mtahiniwa wa uzamivu. Tathmini hiyo ikifanywa kwa kuoneana haya, madhara yake humrudia mwanafunzi mwenyewe miaka mitatu baadaye.

Hatua inayofuata ni pendekezo la utafiti. Hapa mwanafunzi hueleza swali lake, yaliyokwisha kufanywa na wengine, njia atakayotumia, vifaa, gharama na ratiba. Katika uhandisi pendekezo huanguka kwa sababu mbili hasa. Ya kwanza ni swali kuwa mradi wa ujenzi badala ya utafiti: kubuni mfumo wa maji wa mji fulani ni kazi ya mshauri mwelekezi, ambayo hulipwa vizuri lakini haileti udaktari. Ya pili ni vifaa. Anayeahidi kupima uchovu wa chuma bila kuwa na mashine ya kupimia ameahidi hewa. Utafiti unaogusa watu, kama majaribio ya majiko kwenye nyumba za watu, huhitaji kibali cha maadili. Tanzania vibali vya utafiti viko chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na Kenya viko chini ya tume yake, NACOSTI. Ni busara kuviombea mapema.

Utafiti wenyewe huchukua sehemu kubwa ya muda, na ndio usio na ratiba ya kuaminika. Sampuli za zege huhitaji siku 28 kabla ya kupimwa nguvu yake ya kawaida, na zikiharibika huanzwa upya. Programu ya kukokotoa hutoa majibu mazuri yasiyolingana na kipimo chochote cha maabara. Nchini Marekani, ambako uzamivu wa uhandisi unaotolewa kila mwaka unapita 10,000, wengi hukaa miaka mitano hadi sita. Wanavumilia kwa sababu kwa kawaida hulipwa posho na kusamehewa ada, wakisaidia kufundisha au wakifanya kazi katika miradi ya maprofesa wao. Uingereza hutarajia miaka mitatu hadi minne. Kwetu mtahiniwa mara nyingi ni mwajiriwa, anafundisha mchana na kupima usiku, na kuchelewa kwake hakutokani na ugumu wa hesabu bali na ukosefu wa fedha za kemikali, vipuri na safari.

Kabla ya tasnifu kupokelewa, vyuo vingi sasa hudai makala zilizochapishwa. Miongozo ya Kenya ya mwaka 2014 inataka angalau mbili katika majarida yanayopitiwa na wataalamu wenza. Hoja yake ni nzuri: kama wageni wasiomjua mwandishi wameikubali kazi, mtahini ana sababu ya kuiamini. Kasoro yake inajulikana pia. Jarida zuri la uhandisi linaweza kuchukua mwaka mzima kutoa jibu, na mwanafunzi aliyebanwa na muda huwa windo rahisi la majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote mradi ada imelipwa. Sharti hili lingefaa zaidi kama vyuo vingetazama ubora wa jarida kwa ukali uleule vinavyotazama idadi.

Tasnifu huandikwa kwa moja ya njia mbili. Ya kwanza ni kitabu kimoja chenye utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu, matokeo na mjadala. Ya pili, iliyozoeleka sana Skandinavia, ni makala kadhaa zilizofungwa pamoja na utangulizi unaoziunganisha. Urefu si sifa. Idara ya uhandisi ya Cambridge huweka ukomo wa maneno 65,000 na michoro 150, na anayetaka kuzidisha huomba ruhusa. Siku hizi tasnifu hupitishwa kwenye programu inayolinganisha maandishi na mengine ili kugundua wizi wa kitaaluma. Programu hiyo haigundui data iliyopikwa. Hiyo hugunduliwa na mtahini anayeuliza mbona nukta zote zimekaa juu ya mstari.

Ndipo hufuata utetezi. Uingereza ni mazungumzo ya faragha: mtahini wa ndani, mtahini wa nje na mtahiniwa, wakipekua tasnifu ukurasa kwa ukurasa kwa saa mbili au zaidi. Vyuo vya Afrika Mashariki vimeurithi utaratibu huu, ingawa mara nyingi jopo huwa na watu wengi zaidi. Marekani kamati inayomtahini ni ileile iliyomfuatilia kwa miaka, hivyo utetezi huanza na mhadhara wa wazi na ni nadra mtu kuanguka. Msimamizi mwenye akili hamruhusu aingie kabla hajaiva. Sweden huweka hadharani kila kitu. Tasnifu hupigiliwa msumari ukutani wiki kadhaa kabla, na siku yenyewe mpinzani rasmi kutoka chuo kingine huichambua mbele ya umma. Uholanzi, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, mtahiniwa hutetea pia orodha ya hoja fupi, nyingine zisizohusiana na tasnifu yake, mpaka mshika rungu wa chuo anapoingia na kutangaza kwa Kilatini kwamba muda umekwisha. Sherehe hizo zinafurahisha, lakini kwa ukali mtihani ule wa faragha wa Uingereza hauna mfano.

Matokeo ni nadra kuwa kufaulu tu au kushindwa tu. Yanayotokea mara nyingi ni kufaulu kwa masharti ya kufanya masahihisho madogo, yanayomalizika kwa wiki au miezi michache. Kazi yenye upungufu mkubwa hurudishwa ifanyiwe upya na kutahiniwa tena, na isiyofikia kiwango inaweza kupewa shahada ya uzamili. Masahihisho yakikubaliwa, nakala ya mwisho huwekwa maktaba na jina hupelekwa seneti ya chuo.

Wapo wahandisi ambao njia hii haiwafai kwa sababu hawataki kuondoka kiwandani. Kwa ajili yao Uingereza ilianzisha mwaka 1992 shahada ya udaktari wa uhandisi, EngD, ya miaka minne, ambapo sehemu kubwa ya muda hutumika ndani ya kampuni kwenye tatizo halisi la kampuni hiyo. Masomo ya darasani, yakiwemo ya uongozi, ni ya lazima. Tasnifu inabaki, na sharti la jambo jipya linabaki vilevile.

Kuna jambo moja ambalo udaktari, wa njia yoyote ile, haumpi mtu Kenya wala Tanzania: ruhusa ya kutia saini michoro ya jengo au daraja. Ruhusa hiyo hutokana na usajili katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania, chini ya sheria ya mwaka 1997, au Bodi ya Wahandisi ya Kenya, chini ya sheria ya mwaka 2011, nazo bodi hutazama uzoefu wa kazi. Daktari wa uhandisi asiyesajiliwa atafundisha na kutafiti, lakini michoro yake itatiwa saini na mwingine.