Sura ya Saba: Nguruwe wa Busia na Hesabu ya Nukuu

Dhana potofu tatu kuhusu watafiti wa ubongo hazichoki kunifuata: kwamba anayenukuliwa sana ndiye bingwa, kwamba kinachonukuliwa sana ndicho kweli, na kwamba ubongo huchunguzwa penye mashine za mabilioni tu. Nilipanga kuzigawia kurasa sawa.

Ya kwanza. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni fahirisi ya h. Mtafiti mwenye fahirisi ya 40 ana makala 40 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 40. Hesabu ni nyepesi, ndiyo maana kamati za kupandisha watu vyeo zinaipenda. Lakini haishuki hata mwenyewe akiwa kaburini, wala haimtenganishi aliyeandika peke yake na aliyekuwa jina la thelathini kwenye orodha. Tena kila fani ina desturi yake ya kunukuu, hivyo kumpima daktari wa mifugo kwa fahirisi ya mwanauchumi ni upuuzi uliovishwa suti.

Ya pili. Wanauchumi Edward Miguel na Michael Kremer walichunguza ugawaji wa dawa za minyoo katika shule 75 za Busia, Kenya. Makala yao ya 2004 imenukuliwa maelfu ya mara. Mwaka 2015 watafiti wa London walizirudia hesabu zake, wakaonyesha makosa na kupinga baadhi ya matokeo. Ubishi ukawaka, na kila aliyebisha alilazimika kuinukuu. Sifa na lawama huingia kapu moja.

Ya tatu ndiyo inayouvunja mpango wangu, kwa sababu nguruwe wa Busia hawatoshi katika aya moja. Mwaka 2013 Lian Thomas, Eric Fèvre na wenzao walichapisha, katika jarida la tiba ya mifugo, utafiti wa nguruwe wanaozurura waliofungwa vifaa vya GPS. Kwa wastani nguruwe alitembea zaidi ya kilomita 4 katika saa 12, na karibu nusu ya muda wake alikuwa nje ya boma la mwenyewe.

Hilo linahusu nini ubongo? Linahusu tegu. Watu hudhani vifuko vya tegu ubongoni hutokana na kula kitimoto. Sivyo. Nyama isiyoiva hukupa tegu mzima utumboni, naye hudondosha vipande vyenye maelfu ya mayai, vinavyotoka na choo. Nguruwe akila kinyesi hicho, mayai huanguliwa, viluwiluwi hutoboa utumbo na kuwa vifuko misulini. Binadamu akiyameza mayai hayohayo, kwa mikono ya mpishi asiyenawa au kwa mboga isiyooshwa, yanamtokea ya nguruwe, na vifuko vinaweza kufika kichwani. Kifuko kikiwa hai hujificha dhidi ya kinga ya mwili, hata kwa miaka. Kinapoanza kufa, kinga hukishambulia, ubongo huvimba pembeni yake, na degedege huanza.

Kwa hiyo asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua. Mwaka 1992 iliripotiwa kuwa Wayahudi wa Orthodox mjini New York walipata vifuko hivyo. Walioshukiwa kuwaambukiza ni wafanyakazi wa nyumbani wenye tegu.

Sasa rudi Busia. Ukichimba choo kizuri, nguruwe wako bado atakula uchafu wa jirani. Mfano mwingine uko ng'ambo ya mpaka, Tororo nchini Uganda, ambako kituo cha utafiti wa malale kilikuwapo tangu enzi za ukoloni. Vimelea vya malale huishia ubongoni, na huko hifadhi yao kubwa ni ng'ombe. Anayetafuta sayansi ya ubongo katika majarida ya ubongo pekee atazikosa habari zote mbili, na makala ya nguruwe haikaribii nukuu za ile ya minyoo.

Wakati huohuo kuna wanaohubiri kwamba kifafa, yaani degedege inayojirudia, ni pepo na povu lake huambukiza. Mtoto anaangukia motoni huku watu wazima wamesimama wakimtazama. Povu halimwambukizi mtu. Mvute mbali na moto, mlaze kwa ubavu, usimtie kijiko mdomoni, kisha mpeleke hospitali. Wala usimpe dawa ya tegu kwa kubahatisha: kama ana vifuko kichwani, dawa yenyewe inaweza kuamsha degedege.

Ukiletewa wasifu wa mtafiti, acha nambari ya juu. Uliza alichunguza nini, nani amerudia kazi yake akapata jibu lilelile, na mgonjwa amefaidika vipi.