Maji ya chumvi yaliyoizaa shaba ya Macalder

MKULIMA wa Githongo anayepasua jiwe jeusi shambani na kukuta punje za kijani huenda akadhani amepata shaba. Aghalabu punje hizo ni olivini, madini ya kawaida katika mawe ya volkano ya Mlima Kenya, wala hazina shaba ya kuuza.

Shaba imo karibu katika miamba yote, ila kwa kiasi kidogo mno katika kila tani. Ili pawe na mgodi, sharti ikusanywe mahali pamoja. Mkusanyaji huyo ni maji moto.

Chukua mfano wa Macalder, Migori. Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita pale palikuwa sakafu ya bahari. Maji yalipenya nyufani, yakapashwa moto na mwamba ulioyeyuka, yakawa na asidi. Kwa joto la nyuzi 350 hivi hayakuchemka, kwani uzito wa bahari uliyakandamiza. Chumvi iliyomo ndiyo iliyoishika shaba na kuibeba. Maji hayo yalipofumka na kukutana na ya baridi, shaba iliungana na salfa, ikatua. Chemchemi za aina hii, zitoazo maji meusi kama moshi, zilionekana kwa macho mwaka wa 1979 katika Bahari ya Pasifiki. Macalder ilikuwa imefungwa tangu 1966. Waliochimba humo hawakupata kujua.

Shaba ya Katanga, nchini Kongo, haikuhitaji volkano. Maji yenye chumvi nyingi zaidi, na moto wa wastani tu, yaliiokota katika mchanga mwekundu, yakaiacha yalipofikia matope meusi yenye mabaki ya viumbe.

Haya yanajulikanaje? Matone madogo ya maji yaleyale yangali yamefungiwa ndani ya mawe meupe ya kwazi. Mtaalamu hulipasha tone moto chini ya hadubini hadi kiputo chake kitoweke, akakadiria joto la kale. Kisha huligandisha: kadiri chumvi ilivyo nyingi, ndivyo barafu inavyoyeyuka katika baridi kali zaidi.

Mlima Kenya nao ulikuwa na moto, lakini lava yake ilimwagika nchi kavu, si baharini. Njia ya Macalder haikuwapo.

Mwenye shaka ajaribu kukwaruza kioo kwa punje yake. Olivini huacha alama. Malakaiti, madini ya kijani ya shaba, ni laini mno, haiachi.