Kiti, Ukuta na Mkeka Vyatosha

Majuma machache yaliyopita umeme ulikatika katika jengo moja la ofisi mjini Dar es Salaam, na lifti ikasimama. Tulikuwa miongoni mwa waliolazimika kupanda kwa miguu hadi ghorofa ya nne. Tulipofika ya pili tulikuta mabwana watatu wenye tai wameegemea ukuta. Mmoja ameshika kifua, mwingine ajifanya anasoma karatasi. Wote walikuwa watu wa makamo, wala hapakuwa na mgonjwa kati yao. Nasi, twakiri, tulisimama pale tukajidai twawangoja. Hapo akapita mama mmoja msafishaji, mkubwa kwetu kwa umri, na ndoo ya maji mkononi. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba pasipo kuhema, akaendelea kupanda.

Hatukusudii kumcheka mtu kwa kitambi chake. Lakini kwa miaka mingi watu wetu wamekihesabu kitambi kuwa dalili ya neema, na aliyekonda huulizwa kama anaumwa. Kazi nazo zimebadilika. Aliyekuwa akilima au kubeba mizigo sasa huketi ofisini, huketi garini, akarudi nyumbani akaketi mbele ya televisheni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2024 kwamba katika mwaka 2022 asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani watu wapatao bilioni 1.8, hawakufikia kiasi cha chini cha kuushughulisha mwili.

Kuketi huko kuna gharama yake. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, walioketi mchana kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya makondakta, ambao kazi yao ilikuwa kupanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Basi lilikuwa moja, na abiria wale wale. Ama shinikizo la damu na kisukari, si maradhi ya matajiri tena. Yamo mitaani mwetu, na kila msomaji aweza kumtaja jirani aliye nayo.

Wengi hujibu kwamba hawana fedha za kulipia ukumbi wa mazoezi, au kwamba si heshima mtu mzima kuonekana akikimbia barabarani. Akina mama huona haya zaidi, wala hatuwalaumu. Lakini ni nani aliyesema kwamba lazima mtu atoke nje? Huko Japani redio ilianza mwaka 1928 kutangaza mazoezi ya viungo ya dakika chache, na mpaka leo watoto na wazee huyafuata pamoja pasipo chombo chochote.

Kosa kubwa, kwa maoni yetu, si uvivu bali ni pupa. Baada ya kisa cha ngazi sisi wenyewe tulianza kesho yake alfajiri kwa fahari ya mchakamchaka wa siku za shule: pushapu, kuchuchumaa, kuruka. Pushapu ya nne ilitushinda. Siku ya pili hatukuweza kuketi pasipo kushika kitu, na mazoezi yakafa hapo kwa siku kumi. Maumivu ya misuli ya namna hiyo huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha huondoka yenyewe. Kwa kawaida hayana hatari, ila humfukuza mgeni. Tulipoanza upya, tulianza kitini.

Kiti kiwe kigumu, kisicho na magurudumu, nacho kiegemezwe ukutani kisiteleze. Keti upande wa mbele, nyayo zikikanyaga sakafu kwa upana wa mabega. Inama kutoka nyongani mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, kisha simama pasipo kutumia mikono. Shuka polepole kwa hesabu ya tatu, usijitupe. Fanya hivyo mara nane. Anayeshindwa aongeze mto juu ya kiti ili safari iwe fupi, au asukume mapaja kwa viganja. Zoezi hili twalipenda kuliko mengine yote, kwa kuwa misuli ya mapaja na matako ndiyo mikubwa mwilini, nayo hupungua nguvu kadiri miaka inavyokwenda. Mzee asiyeweza kuinuka mwenyewe kitini wala chooni hungoja mtu wa kumwinua, na wengi wetu tumeona uchungu wa kungoja huko.

Kisha ukuta. Pushapu ya sakafuni huitwika mikono theluthi mbili ya uzito wa mwili au zaidi. Mtu wa kilo 90 hujibebesha kilo 60 na kitu siku ya kwanza. Ajabu gani akishindwa? Na asimame mbele ya ukuta, umbali wa mkono, aweke viganja usawa wa kifua, akunje viwiko mpaka pua iukaribie ukuta, ajisukume arudi, mwili umenyooka kama ubao. Kadiri miguu inavyosogezwa nyuma ndivyo mzigo unavyoongezeka, hata ukuta mmoja watosha kwa majuma mengi. Baadaye aende kwenye meza nzito isiyoyumba, kisha apige magoti mkekani, na mwisho sakafu.

Mkeka una kazi yake pia: lala chali, kunja magoti, inua kiuno mpaka mapaja na kiwiliwili vinyooke, ngoja kidogo, shuka, mara nane. Halafu simama utembee papo hapo ukiinua magoti kwa dakika mbili, kwa kasi inayokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Yote hayo hayazidi dakika saba. Siku tatu kwa juma zatosha kuanzia. Juma la tatu rudia mzunguko mara mbili.

Usibane pumzi, maana kuibana hupandisha shinikizo la damu. Itoe unapoinuka au kusukuma. Mwenye maradhi ya moyo, au shinikizo lisilotulia, au anayetumia dawa za kisukari, apate kwanza shauri la daktari. Kifua kikibana, acha papo hapo uende hospitali bila kuchelewa.

Wapo watakaosema kwamba dakika saba ni mchezo, ilhali wataalamu wanataka angalau dakika 150 kwa juma, pamoja na siku mbili za kuimarisha misuli. Ni kweli. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 uliliondoa sharti la zamani kwamba shughuli isiyofika dakika kumi mfululizo haihesabiwi. Sasa kila dakika huhesabiwa, pamoja na ile ya kufagia ua.

Andika idadi yako kwenye kalenda kila siku uifanyayo. Aliyekosa siku mbili aendelee alipoachia. Aliyekosa majuma mawili arudi kwenye nusu. Na atakayeinuka kitini mara kumi na tano pasipo taabu, akiweke kando kiti, atafute kigoda.