Vipimo viwili, majibu mawili: nani mkweli?

Je, umewahi kupimwa malaria pale zahanati, labda Mbagala au Tandale? Mtaalamu wa maabara anatazama tone la damu yako kwa hadubini, vimelea anaviona. Lakini chembe za mafuta zinazobeba dawa ndani ya chanjo ya korona ya Pfizer, iliyofika nchini mwaka 2021, asingeziona hata angekodoa macho vipi. Zina upana wa nanomita 100 hivi. Milimita 1 ni nanomita milioni 1!

Sasa zinapimwaje? Njia ya kwanza ni hadubini ya elektroni. Hii inapiga picha, unaona kila chembe na umbo lake. Ila mashine ni ghali, na unapima chembe chache tu.

Njia ya pili ni kumulika leza kwenye maji yenye chembe. Ndogo hurukaruka haraka, kubwa hujikokota. Mashine inasoma mwanga unavyochezacheza na kukokotoa ukubwa kwa dakika chache. Ila chembe ya nanomita 100 hutawanya mwanga mara milioni 1 kuliko ya nanomita 10. Vumbi kidogo tu, majibu yamevurugika! Tena chembe hupimwa pamoja na maji yanayoambatana nayo, hivyo huonekana kubwa zaidi.

Basi picha ikisema 80 na leza ikasema 95, usikimbilie kusema mmoja kadanganya. Chembe zikigandamana chanjo huharibika, ndiyo maana wataalamu hutumia njia zote mbili. Nawe ukipewa namba yoyote ya maabara, usione haya, uliza: "Mmepima kwa njia gani?"