TIMAZI ISIYOLALA: Ukuta ukiinama, simu inalia!

JAMANI, hivi ukipita chini ya ghorofa linalojengwa unaangalia juu, au unashika mfuko wako usiporwe? Mwenzenu siku hizi naangalia juu!

Fundi wetu wa mtaani ana timazi na pimamaji. Anapima ukuta asubuhi, ukinyooka anasema "fiti", mambo yanaendelea. Vifaa hivyo ni safi kabisa, ila vinapima pale tu vinaposhikwa. Saa nane za usiku mvua inapiga na shimo la msingi linajaa maji, nani anaangalia ukuta?

Hapo ndipo kinapoingia kidubwasha kiitwacho kihisi cha mwinamo. Ni kiboksi cha kuenea kiganjani, kinafungwa kwa skrubu kwenye nguzo au ukuta. Ndani mna chipu inayojua chini ni wapi kwa mvutano wa dunia, kama timazi ile ile ya fundi. Waya hakina. Betri yake inaweza kukaa miaka. Kinarusha habari kwa redio hadi kwenye boksi la kukusanyia, nalo linazituma kwa mtandao wa simu. Mwinamo ukivuka kiwango alichoweka injinia, meseji hiyoo, inaingia kwake hata kama kalala!

Utasema, sehemu ya digrii kitu gani bwana? Piga hesabu. Ukuta wa mita 10 ukiinama digrii 1, kichwa chake kimetoka sentimeta 17 na ushee. Kwa digrii 0.1 ni milimita 17. Jicho la mpita njia halioni, kidubwasha kinaona.

Kupima mwinamo kumeokoa vigogo. Mnara wa Pisa kule Italia ulifungwa mwaka 1990 ukiwa umeinama kama digrii 5.5. Wataalamu wakachota udongo kidogo kidogo upande wa pili, huku wakipima, na mwaka 2001 ukafunguliwa ukiwa karibu digrii 4.

Sisi tumezika. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, ghorofa lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Novemba 16, 2024 ikawa zamu ya Kariakoo, na zaidi ya 20 hawakurudi nyumbani.

Sisemi kidubwasha kingewaokoa wote, la hasha. Zege bovu na nguzo dhaifu vinaweza kuangusha jengo ghafla, bila kuinama kwanza. Tena hakishiki ukuta wala hakiongezi saruji. Kinachotoa ni muda, hasa pale jirani anapochimba msingi na ukuta wako unaanza kulifuata shimo. Na muda huo ni bure kama bosi hataki kusimamisha kazi na kuwatoa watu.

Kwa hiyo wewe mpangaji, na wewe mama mwenye duka, jirani akianza kuchimba shimo refu pembeni yako usione haya. Muulize maswali mawili: nani anapima ukuta wangu, na ukiinama anapigiwa nani? Akikucheka, nenda manispaa mapema, kabla wachimbaji hawajafika chini ya msingi wako.