Maji ya Mtendeni na Kisima Chetu

Wanachama wenzetu,

Mkutano wetu ujao utaamua habari ya kisima cha uwanja wa kuanikia. Yuko mfanyabiashara anayetaka kukichimba kwa fedha zake, kisha auze maji kwa ndoo muda wa miaka kumi. Wengi wamefurahi, maana chama hakitatoa hata senti. Sisi twaona yafaa kwanza tutazame bara.

Mtendeni ni mtaa wa Tabora, mji ambao watu wa visiwani waliujua sana zamani za misafara ya pembe. Mji huo una mtaa mwingine uitwao Chemchem, jina la ile chemchemi ya Unguja, lakini jina haliondoi kiu. Unyamwezi ni nchi ya kiangazi kirefu, na kwa miaka mingi mji ulitegemea bwawa la Igombe. Januari 2021 Rais Magufuli alizindua mradi wa maji ya Ziwa Viktoria, yanayovutwa kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Fedha zake ni mkopo wa Benki ya Exim ya India, dola milioni 268.35, na mdaiwa ni Serikali. Mfanyabiashara gani angelaza bomba refu namna ile, apite vijijini ambako faida haionekani upesi?

Hata hivyo mtu wa Mtendeni hanywi bure. Hulipa ankara kwa mamlaka ya maji ya mji, TUWASA, na bei hupitishwa na EWURA. Analipia umeme wa pampu, dawa na mafundi. Halipii gawio la mwenye hisa.

Dar es Salaam walijaribu njia nyingine. Mwaka 2003 uendeshaji wa maji ulikabidhiwa City Water, kampuni ya Biwater ya Uingereza, Gauff ya Ujerumani na mshirika wa hapa nchini, kwa mkataba wa miaka kumi. Ajabu ni kwamba fedha nyingi za kutengeneza mabomba zilikuwa mikopo ya Serikali. Kampuni ilikuwa ya kuendesha na kukusanya. Makusanyo yakapungua, na Mei 2005 Serikali ikavunja mkataba. Kesi ziliisha 2008: baraza la usuluhishi lilisema Serikali ilikosea katika namna ya kuiondoa kampuni, lakini Biwater haikupewa fidia.

Wako watakaotukumbusha Seyyid Barghash, aliyeleta maji ya bomba mjini Unguja bila malipo. Ni kweli, na ushuru wa karafuu ulikuwa sehemu ya hazina yake. Lakini bomba lisilotengewa fedha za matengenezo huoza, liwe la Sultani au la Serikali. Hilo nalo tumeliona.

Kwa hiyo rai yetu ni chama kichimbe chenyewe, kwa mchango wa kila mwanachama, na ndoo itozwe kiasi cha kumlipa fundi na mafuta ya mashine tu. Wachumaji wetu hulipwa kwa pishi. Mwenye kisima akipandisha bei siku za mavuno, wao ndio watakaokatwa, kisha watahamia mashamba mengine.

Mkataba ulioletwa hauna kifungu cha bei. Tumemwomba Katibu ausome wote mkutanoni, neno kwa neno, kabla ya kura.