"Metali Ngeni" na "Kipitishi Kisokinza": Istilahi Mbili Zikitazamwa kutoka Busia na Malaba

Mpaka wa Kenya na Uganda ni mahali pafaapo sana kwa mwanaistilahi, kwa maana huko kitu kimoja huvuka na kubadili jina. Katika Busia na Malaba, upande wa Kenya, nguvu iwashayo taa huitwa stima, neno ambalo asili yake ni mvuke. Ng'ambo ya pili, msemaji wa Kiganda husema amasannyalaze. Neno umeme, linalotumiwa na vitabu vyetu, lilikuwa kwanza jina la mmweko wa radi. Na huko Uganda lilikuwa pia, tangu 2005 hadi 2025, jina la kampuni iliyogawa nguvu hiyo.

Nguvu yenyewe imekuwa ikivuka mpaka huo kwa muda mrefu. Bwawa la Owen Falls, Jinja, lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa mapatano ya 1955 Uganda ilikubali kuiuzia Kenya megawati 30, zipitie Tororo hadi Nairobi. Waya zipelekazo nguvu hupata joto, na sehemu ya nguvu hiyo hupotea njiani. Kinachoipoteza ndicho wanafizikia hukiita ukinzani.

Madhumuni ya makala hii ni kuzipima istilahi mbili zinazohusu ukinzani huo. Ya kwanza ni superkondakta. Kosa lake si ugeni, kwani elektroni nayo ni ngeni na hakuna aikataaye. Kosa lake ni kwamba inadanganya. Katika vituo vya mafuta vya Kenya, "supa" ni aina ya petroli, na popote pengine neno hilo lisikikapo humaanisha kitu kilichowazidi wenzake kwa daraja. Mwanafunzi atadhani basi kwamba superkondakta ni waya mzuri kuliko shaba. La hasha. Mwaka 1911, huko Leiden, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sufuri za Selsiasi, akaona ukinzani wake umetoweka ghafula. Haukupungua tu, ulikwisha.

Tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa foleni ya malori. Tangu kituo cha pamoja cha Busia kizinduliwe rasmi mwezi Februari 2018, lori hukaguliwa upande mmoja tu badala ya miwili. Ukinzani umepungua, lakini upo. Tuseme sasa malori yote yamefungamana yakawa mwendo mmoja, hata hakuna moja liwezalo kusimamishwa peke yake: hapo tumekaribia nadharia ya mwaka 1957 ya Bardeen, Cooper na Schrieffer, ambayo kwayo elektroni hushikana mbili mbili na kusafiri kama jeshi lenye hatua moja. Kwa hiyo napendekeza kipitishi kisokinza.

Istilahi ya pili ni ngumu zaidi, kwa sababu hata wenye elimu hiyo hawajakubaliana juu ya kiini cha jambo. Mwaka 1986 Bednorz na Müller, karibu na Zurich, waligundua vipitishi visokinza vya namna mpya katika michanganyiko ya shaba na oksijeni. Ya ajabu zaidi ilikuwa hali ya michanganyiko hiyo kabla ya kupozwa vya kutosha. Katika metali ya kawaida iliyo baridi sana, elektroni zinapogongana, sehemu ya ukinzani itokanayo na migongano hiyo hufuata mraba wa halijoto: halijoto halisi ikizidi mara mbili, sehemu hiyo huzidi mara nne. Katika metali hizi ukinzani hupanda kwa mstari ulionyooka; mara mbili kwa mara mbili, toka kwenye baridi kali hadi kwenye joto kali. Unyofu huo ndio uliowashangaza wataalamu, maana nadharia iliyozoeleka haiutoi.

Turudi kwenye foleni. Katika metali ya kawaida twaweza kuyahesabu malori kwa namba zake. Katika metali hizi shehena yafika, lakini malori hayahesabiki. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliupima mtetemo mdogo wa mkondo wa umeme katika mchanganyiko wa iterbiamu, rodiamu na silikoni, wakaukuta hafifu kuliko ambavyo ungekuwa kama umeme ungebebwa na chembe moja moja.

Uhusiano wa hali hizi mbili si wa jirani tu. Katika michanganyiko ya shaba, kipitishi kisokinza huzaliwa kutokana na metali ya namna hii inapopozwa. Na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kadiri mstari ule ulivyo mkali, ndivyo ukinzani unavyotoweka katika halijoto ya juu zaidi. Hata chuma, ambacho Wasamia wa Busia walikiyeyusha na kukifua majembe, kimo: mwaka 2008 Hideo Hosono wa Tokyo alitangaza mchanganyiko wa chuma usokinza katika nyuzi 26 za Kelvini, ilhali usumaku wa chuma ulidhaniwa kuwa adui wa hali hiyo.

Tuiiteje basi? "Metali za ajabu" yanukia miujiza. "Metali kaidi" ilinivutia, kwa kuwa zaasi kanuni. Lakini ukaidi ni jamaa wa ukinzani, na mwanafunzi atavichanganya. Nimechagua metali ngeni, ingawa nayo ina dosari: mgeni ni mtu aliyetoka kwingine, na hapa shaba na chuma ni wenyeji, kilicho kigeni ni mwenendo wao. Mwalimu hana budi kulisema hilo siku ya kwanza. Ama kuhusu kisokinza, najua kwamba umbo la -so- halisikiki sana Busia, na wengi huko watasema kisichokinza. Nalipendelea lile fupi kwa sababu latuwezesha kusema pia upitishaji usokinza na waya zisokinza bila kuirefusha sentensi.